Jiliwa Namba Arobaini na Saba

Masele Bujiku, fundi vyuma wa Didia, alikamatwa Jumatatu na majiliwa kumi na moja. Alhamisi saa moja na nusu asubuhi jalada lake liliwekwa mezani kwa Sajenti Mwaisha Abdu wa upelelezi, na juu yake kikaratasi: Kamilisha. Linaondoka kesho saa nne, pamoja na mtuhumiwa.

Ilikuwa Mei ya mwaka themanini na tatu. Msako wa wahujumu uchumi ulikuwa umefika mpaka vijijini. Wenye maghala walikwisha kuhamisha sukari yao kabla polisi hawajavaa viatu. Waliobaki kukamatwa ni mwenye mabati mawili yasiyo na risiti, mwenye vitenge vitatu uvunguni, na sasa huyu mwenye vyuma. Kosa halikuwa na dhamana. Aliyepelekwa Mwanza, kwenye baraza la kuwahukumu, aliondoka na blanketi, na majirani walianza kugawana shamba lake kwa midomo kabla vumbi la gari halijatua.

Jiliwa ni kile chuma kizito cha mezani chenye taya mbili na skrubu katikati, cha kubania kitu kinachokatwa au kupigwa tupa. Kati ya yale kumi na moja, kumi yalikuwa nyongeza tu. Jalada zima lilisimama juu ya moja, kubwa kuliko yote, kielelezo namba sita. Mtunza stoo wa Karakana ya Igembe, Donatus Lugendo, alisema ni mali ya karakana, limeibwa Februari, na begani lina namba 47. Mlinzi wa karakana alisema alimwona mwizi kwa macho yake.

Mwaisha alishuka stoo ya vielelezo. Majiliwa yalipangwa sakafuni kama mitungi, yote yamepakwa rangi ya kijani. La sita lilikuwa na namba begani. Aliandika kwenye daftari lake: 47. Imegongwa. Inasomeka vizuri. Kisha akaenda mahabusu.

Masele alikuwa mtu wa miaka hamsini na tano hivi, mabega mapana, kidole cha shahada cha kushoto kimekatika kwenye pingili ya kwanza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mtu mmoja, majiliwa kumi na moja. Ya nini?"

"Mwenye ng'ombe kumi na mmoja mlishawahi kumuuliza ni wa nini?"

"Ng'ombe huzaa."

"Na haya hufa, afande. Mtu anayatupa nyuma ya kinu, nyuma ya misheni, kando ya reli, yanaliwa na kutu mpaka taya haziachani. Mimi naokota. Nayafungua, nayaosha, nayatengenezea nati mpya. Yanarudi kazini. Hiyo ndiyo hujuma yangu."

"Hili kubwa ulilipata wapi?"

"Bugembe, huko Geita. Nilifanya kazi mgodini miaka tisa. Ulipofungwa mwaka wa sitini na sita, wazungu wakasema hakiachwi chuma. Winchi, mashine za kutoboa, meza za karakana na kila kitu juu yake, vyote wakavisukuma kwenye shimo la pili, wakamwaga kifusi. Walivyofunga safari hata msumari hawakutuachia. Na sisi tuliovifanyia kazi tumesimama pale, kofia mkononi. Mpaka leo sijui kwa nini tulivua kofia."

"Ukalifukua."

"Wachimbaji wadogo walilifukua, mwaka wa sabini na tisa. Walitaka dhahabu, wakakuta vaisi, ndilo hilo jiliwa lenu, wakaitukana. Niliwanolea moko zao wiki nzima, wakanipa." Aliona Mwaisha anavyomtazama. "Moko ni patasi. Ya kupasulia mwamba."

"Na namba iliyoko begani?"

"Namba gani?"

"Arobaini na saba. Nimetoka kuiona sasa hivi."

"Basi sijui," akasema.

Mpelelezi mwingine angeishia hapo. Wengi waliishia hapo mwaka ule, wakapanda vyeo.

"Nani anajua ulilitoa Bugembe?"

"Mke wangu."

"Mke si shahidi wa kutosha, mzee."

"Basi hujamwona mke wangu."

Landrova ya kituo haikuwa na petroli. Mwaisha alipanda lori la pamba lililokuwa linarudi tupu, akashuka Didia saa nne na robo. Kwa Masele palikuwa nyumba ya matofali ya kuchoma na kibanda cha bati pembeni. Ndani ya kibanda, meza ndefu ya mninga ilikuwa na matundu ya boliti pale vyuma vilipokuwa. Zipora, mkewe, alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua choroko. Mikono yake ilikuwa na weusi ule wa oili usiotoka hata kwa majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuchukua na meza?"

"Nimekuja kuuliza juu ya lile kubwa."

"Lina jina. Anaitwa Bugembe. Yule mdogo wa taya fupi ni Misheni. Aliyepinda mkono ni Reli." Zipora hakucheka. "Mume wangu, Baba Mbuke, anaokota, halafu nani anasugua? Unafikiri kutu inatoka kwa sala?"

"Inatokaje?"

"Unamlaza kwenye mafuta ya taa siku tano, yakipatikana. Yasipopatikana, oili chafu ya trekta, siku kumi. Halafu brashi ya waya. Halafu msasa, ule mnene kwanza, kisha mwembamba. Bugembe alinichukua wiki tatu. Bega lake peke yake siku nne."

"Siku nne kwenye bega?"

"Kutu ilikuwa imeingia. Namjua kuliko mkwe wangu. Kushoto ana herufi tatu za huko alikozaliwa. Kulia ana kitundu kama jicho la kuku. Chini ana mshono alipopasuka, Baba Mbuke akamziba kwa shaba."

"Na namba?"

"Hana namba."

"Kulia, mama, karibu na hicho kitundu."

"Mwanangu, nimepitisha kidole hiki hapo mara elfu. Ingekuwepo namba ningeikuta nikiwa nimefumba macho."

"Mlipaka rangi lini?"

"Desemba. Mara mbili, ipate kushika."

"Kwa nini kijani? Karakana ya Igembe nao hupaka kijani."

"Duka la kijiji mwaka jana lilikuwa na rangi gani nyingine? Hata mlango wa kanisa ni kijani. Mkamateni na padri."

Mwaisha aliandika yote. Aliuliza nani mwingine aliliona jiliwa hilo kabla ya Februari. Zipora akamwonyesha kwa kidevu nyumba ya balozi wa nyumba kumi, Mzee Bujashi, ambaye plau yake ilinyoshwa juu ya Bugembe msimu wa juzi. Balozi alisema ndiyo, alikishika kile chuma akasaidia kuzungusha mkono. Namba? Hakuangalia namba, aliangalia plau yake. Likawa neno la mke tu, na neno la mke halikutosha.

Karakana ya Igembe ilikuwa maili saba kutoka hapo, na Mwaisha alizimaliza kwenye baiskeli ya balozi. Igembe kwa Kisukuma ni jembe. Wananchi waliijenga kwa mikono yao, kila kaya matofali hamsini, watengenezewe majembe na plau. Mwaka wa nne ikawa na meneja, mhasibu, mtunza stoo na katibu muhtasi, na plau zikawa zinakwenda kunyoshwa kwa Masele.

Donatus Lugendo alikuwa na suti ya kaunda iliyopigwa pasi na kalamu mbili mfukoni. Alimletea kiti kabla hajasalimiwa.

"Karibu, afande. Leja hii hapa. Sina cha kuficha."

Leja ilikuwa safi. Jiliwa kubwa, namba 47, kupokewa Agosti 1979, kuibwa Februari 11, 1983.

"Mwandiko mzuri," Mwaisha alisema.

"Nilisoma kozi ya miezi tisa, mambo ya stoo na ufundi. Kila chombo tulifundishwa jina lake la Kiswahili fasaha. Hawa wenzetu bado wanasema spana hivi, vaisi vile. Aibu."

"Namba mnagonga wapi?"

"Bega la kulia. Mara chombo kinapoingia, kabla ya kupakwa rangi. Huo ni utaratibu. Ukigonga juu ya rangi, rangi inabanduka, kutu inaingia. Watu wasio na kozi hawajui."

"Naomba kuona jingine lenye namba."

Alimpeleka kwenye meza. Jiliwa lililofungwa pale lilikuwa la kijani. Mwaisha alitazama bega la kulia, hakuona kitu. Akainama. Ilibidi akwaruze kwa ukucha ndipo namba itokee, nne na sita, zimezibwa na rangi kama masikio yenye nta.

Akafungua daftari lake, akasoma alichoandika asubuhi: Inasomeka vizuri.

"Hii ni arobaini na sita," alisema.

"Naam. Dada yake arobaini na saba. Ziliingia siku moja."

"Zikagongwa siku moja, zikapakwa rangi siku moja?"

"Siku moja, afande. Kwa mkono wangu."

"Asante. Sasa naomba mlinzi. Peke yake."

"Mzee Makoye hasikii vizuri, labda nikae hapa nimsaidie."

"Nitapaza sauti."

Makoye alikuwa nyuma ya jengo, amekaa juu ya debe. Alimpokea kwa mwangaluka, salamu ndefu ya Kisukuma, na kuulizana habari za nyumbani kukachukua muda wake. Masikio yake hayakuwa na ubaya wowote. Mwaisha akatoa maelezo ya mzee kwenye jalada, akasoma.

"'Mnamo usiku wa tarehe kumi na moja Februari nikiwa lindoni, nilimwona mtuhumiwa Masele Bujiku akitoka karakanani akiwa amebeba jiliwa begani.' Ni maneno yako haya, mzee?"

"Amebeba nini?"

"Jiliwa."

Makoye alifikiri. "Mama, mimi silagi lindoni. Wakisema nalikula, wananisingizia."

"Hajasema mtu kwamba ulikula."

"Si umesema kuna kitu cha kuliwa? Kama ni ile miwa ya meneja, ililiwa na nguruwe."

Mwaisha hakucheka. Aliinuka, akamwomba waingie karakanani kwa mlango wa nyuma.

"Mzee, nionyeshe jiliwa hapa ndani."

Makoye alizunguka macho juu ya vyuma, meza, mitungi ya gesi. Akanyoosha kidole kwenye bakuli la ugali wa jana la fundi mmoja.

"Na hiki?" Mwaisha aligusa chuma namba 46.

"Hiyo? Si vaisi hiyo! Hata mtoto anaijua."

"Sasa maelezo haya uliyatoa kwa nani?"

"Sijatoa maelezo. Kalatasi nilitia dole, ndiyo. Donatus alisema ni ya sukali. Kila mfanyakazi kilo mbili. Nikatia dole." Alitazama kidole gumba chake. "Sukali sijaiona."

Ndivyo walivyoibiwa watu wa aina yake tangu enzi za karani wa chifu. Karatasi husomwa na mwingine, dole huwa lako, na kifungo cha jirani. Bendera zimebadilika, kidau cha wino hakijabadilika.

"Mwezi wa pili, mzee, vaisi ya pili ilitoka hapa?"

"Ilitoka. Mchana kweupe. Lori lilikuja, Donatus mwenyewe akashika upande. Alisema inakwenda Nyarugusu kutengenezwa."

"Nyarugusu wanatengeneza vaisi?"

"Nyarugusu wanatengeneza njaa na dhahabu, mama. Huko vaisi inapendwa kama mke."

Mwaisha aliandika maelezo mapya kwa maneno ya Makoye mwenyewe, vaisi ikabaki vaisi. Akamsomea mara mbili. Akamwambia maana ya dole kabla ya kumpa wino. Makoye aliuliza kama hii nayo ni ya sukari.

"Hapana, mzee. Hii haina chochote."

"Basi hii ni ya kweli," akasema, akatia dole.

Alirudi kituoni saa kumi na nusu. Akachukua kioo cha kukuzia cha dawati la alama za vidole, akashuka stoo, akapiga magoti mbele ya kielelezo namba sita.

Jicho la kuku lilikuwepo. Herufi tatu kushoto, zipo, na ndani yake rangi ya kijani imejaa. Mshono wa shaba upo chini. Na kulia, 47. Ndani ya tarakimu hizo hapakuwa na rangi hata chembe. Ukingoni rangi ilikuwa imepasuka na kunyanyuka kama magamba ya samaki. Chini kabisa chuma kiling'aa cheupe.

Alipima kwa utaratibu. Kama namba iligongwa mwaka wa sabini na tisa kabla ya rangi, rangi ingekuwa ndani yake, kama ilivyo kwa 46. Kama iligongwa juu ya rangi wakati wowote kabla ya mwezi huu, mvua za Machi na Aprili zingekwisha kuitia kutu. Chuma kitupu hapa hakimalizi wiki kabla ya kupata wekundu. Namba hii haikuwa na wekundu. Ilikuwa na umri wa siku moja au mbili. Na kwa siku tatu zilizopita jiliwa hili lilikuwa limefungiwa humu ndani, chini ya kufuli la polisi.

Alifungua daftari la vielelezo. Jumatano, saa tisa alasiri: Kielelezo namba sita kimetolewa kwa utambuzi wa mlalamikaji. Saa kumi kasorobo: kimerudishwa. Sahihi aliifahamu. Alikuwa akiiona kila mwisho wa mwezi.

Inspekta Gregory Nkwabi, mkuu wake, alikuwa anavaa koti kwenda nyumbani.

"Umekamilisha?"

"Afande, jana ulimpa Donatus kielelezo dakika arobaini na tano."

"Mlalamikaji ana haki ya kutambua mali yake."

"Peke yake?"

"Kulikuwa na simu ya wakubwa. Nilitoka." Alivua koti, akalitundika tena. "Kwani vipi?"

Mwaisha aliweka mezani maelezo ya Zipora, ya balozi na ya Makoye. Akaeleza habari ya rangi. Alichukua dakika nne. Alipomaliza, inspekta alisugua macho.

"Mwaisha. Kata hii tumeambiwa wahujumu sita. Ninao watano. Huyu mzee ana vyuma kumi na moja vya kubania, hana risiti hata moja. Hata bila namba bado ana kumi na moja."

"Bila namba hakuna mlalamikaji. Na mwenye kugonga namba ndiye aliyeuza ya kweli Nyarugusu."

"Hayo yatasemwa barazani."

"Barazani atayasema nani? Masele hana wakili, na mimi nitakuwa nimesaini jalada kwamba limekamilika."

"Basi saini, tukalale."

Mwaisha alivuta fomu ya maelezo ya shahidi. Akaandika kwa wino, akisoma kwa sauti kadiri alivyoandika: "Mimi, Sajenti Mwaisha Abdu, natoa maelezo haya kwa hiari yangu, nikiwa shahidi wa upande wa utetezi."

Gregory alikaa chini.

"Unajua unachofanya? Mpelelezi hawezi kuwa shahidi wa upande wa pili."

"Hawezi, afande. Itabidi jalada apewe mwingine kutoka nje ya kituo hiki. Ataanza upya. Ataomba kielelezo, na ataomba daftari. Kesho saa nne hakitaondoka kitu."

"Na wewe utaondoka. Nitakuandikia uhamisho wa Runzewe, huko porini."

"Nasikia Runzewe kuna asali nzuri."

Alimaliza ukurasa, akaupa namba, akausukuma mezani.

"Pokea, afande. Tia tarehe na saa."

Inspekta aliuchukua ule ukurasa. Angeweza kuuchana. Lakini askari wa zamu alikuwa amesimama mlangoni na funguo, amesikia kila kitu, na alikuwa mtu wa Didia. Gregory akatia tarehe na saa.

Masele aliinuka alipoona mlango wa mahabusu unafunguliwa. Tayari alikuwa amekunja blanketi.

"Kesho huendi Mwanza," Mwaisha alimwambia.

"Naenda nyumbani?"

"Bado. Utakaa hapa mpaka aje mpelelezi mpya, labda wiki, labda mbili. Lakini namba iligongwa jana, humu humu kituoni, na hilo limeandikwa na kupokewa."

Fundi alikaa tena juu ya simenti. Mikono yake ilitafuta kitu cha kushika, ikaishia magotini.

"Iligongwa juu ya rangi?"

"Juu ya rangi."

"Imepasuka?"

"Imepasuka pande zote, mzee."

Masele alitikisa kichwa taratibu. "Zipora asiambiwe. Siku nne alilisugua bega lile."

"Lazima aambiwe. Yeye ndiye shahidi atakayekutoa. Kesho asubuhi namleta aione kwa macho yake."

Masele alifikiri jambo hilo muda mrefu kuliko alivyofikiri habari za Mwanza.

"Haya," alisema mwishowe. "Mwambie. Lakini umwanzie mbali."